Gari Lenye Upepo

Kila asubuhi, kabla sijabandika chai, nilikuwa natoka nje kuvuta boksi nililolilaza chini ya gari tangu jioni. Lilikuwa boksi la mitumba, nimelipasua pembe zote nne likawa bapa kama mkeka. Nililikagua kila upande, nikaanza tena upya, maana jicho la asubuhi lina uvivu wake. Kavu. Hamna hata tone. Kisha nafungua boneti, nazungusha kifuniko cha kikopo cha mafuta ya breki, nachovya kijiti changu chenye alama za kisu, na mafuta yamepungua.

Gari likivuja huacha ushahidi. Oili huacha doa jeusi, maji ya rejeta huacha unyevu na kutu. Hili letu lilikuwa linapoteza mafuta ya breki bila kuacha hata harufu. Wiki ya kwanza nilimshuku jirani. Wiki ya pili nilimshuku mume wangu. Wiki ya tatu nikawa sina wa kumshuku, na hapo ndipo nilipoanza kuliogopa.

Lilikuwa jipu la Kijapani, refu, la viti vya watu saba. Tulilipata miaka ile ya ruksa, bandari ilipofunguliwa na kila kitu walichokichoka wenzetu kule ng'ambo kikaanza kushuka kwetu. Mimi nilikuwa nauza nguo za mitumba Same mjini, kwa hiyo mtumba haunitishi. Nguo ukiikung'uta, inakwambia ilikotoka. Gari nalo nililikung'uta. Chini ya kiti cha nyuma nikakuta kiatu cha mtoto mdogo, cha mguu wa kushoto, kisafi kabisa. Nikatafuta cha kulia. Nikatafuta tena. Hakikuwepo. Mume wangu, ambaye ni mwalimu wa sekondari na ana jibu kwa kila kitu, alisema watoto wa Kijapani nao hupoteza viatu. Nikakirudisha pale pale nilipokikuta. Sikutaka kudaiwa.

Kijiti kile nilifundishwa na baba mkwe, ambaye kufikia hapo alikuwa marehemu. Maisha yake yote aliendesha lori la shamba la mkonge huko tambarare, na miaka ya taabu ndiyo iliyomfanya fundi. Breki zilipokauka na mjini hakuna chupa hata moja ya mafuta yake, alikuwa anakwangua sabuni ya mche, anaikoroga kwenye maji, anachuja kwa kitambaa na kuimimina kwenye breki za lori. Sabuni yenyewe ilikuwa ya mgao, inakatwa kwa uzi, kipande kwa kaya. Mama mkwe alikuwa anamgombeza kila wiki kwa sentensi ile ile, hata mimi bibi arusi mgeni nikaikariri: "Watoto wanaoga majivu, lori linaoga sabuni!" Naye anajibu kwa upole, "Mama, watoto hawahitaji breki." Alinichongea kijiti changu cha kwanza, akanionya nisikae ndani ya gari lolote ambalo boneti yake haijafunguliwa asubuhi hiyo. Alifariki kwa ugonjwa wa kifua, kabla hajaona duka lenye sabuni za rangi tatu. Kaburi lake liko nyumbani kwao mlimani, juu ya kijiji cha Maore, pembezoni mwa migomba. Wakati tunamzika hakuna aliyewaza kwamba pale pembeni ndipo tutakapokuja kuegesha gari.

Basi, wiki ya tatu tukalipeleka jipu kwa fundi. Mama mkwe alikuwa ameteremka kutusalimia, naye akataka kuja. Nikamwekea kigoda kivulini. Fundi akakanyaga breki mara moja, mguu ukazama hadi chini. Akakanyaga tena, ukashika.

"Mama, hili gari lina upepo."

"Upepo wa shilingi ngapi?"

"Upepo hauuzwi, unatolewa." Akacheka. "Kinachouzwa ni mipira ya masta, ile pampu ya breki. Ipo orijino, na ipo ya kawaida."

"Ya kawaida ndiyo feki?"

"Ya kawaida ndiyo ya kawaida, mama."

Hivyo ndivyo ruksa ilivyokuwa. Zamani spea haikuwepo kabisa. Sasa ilikuwepo ya kila aina, isipokuwa ile yenyewe. Nilibishana naye mpaka akanionyesha mipira aliyoficha kwenye kopo la kahawa. Nikaibinya, nikainusa, nikaihesabu, nikaihesabu tena, nikakubali.

Akaifunga, kisha wakaanza kutoa upepo kwenye mabomba ya breki. Mume wangu kwenye usukani, fundi chini ya gari na kimpira cheupe kimechomekwa gurudumuni, kinatema viputo ndani ya chupa.

"Kanyaga! Shikilia! Achia!"

"Umetoka?" anauliza mume wangu.

"Bado. Kuna mmoja mbishi. Kanyaga! Huyo, huyo, anatoka!"

Kimpira kilikuwa kinazomea. Mama mkwe alikuwa amekaa wima kabisa, mikono imeshika magoti. Lugha yake ni Kipare. Kiswahili ni cha sokoni na kanisani, na cha kanisani ndicho anachokiamini zaidi. Tulipokuwa tunarudi akaniuliza kwa sauti ya chini, "Wametoka wote?"

Nikadhani anasema viputo. "Fundi anasema wote, mama."

"Hao huwa wanarudi na wenzao," akasema.

Walirudi. Baada ya siku kumi boksi lilikuwa kavu na kijiti kilikuwa kinaonyesha pungufu. Halafu ikazuka ile taa. Kwenye dashibodi kulikuwa na taa ndogo nyekundu ya breki. Tulikuwa tumempandisha mama mkwe nyumbani kwake, na wakati wa kuteremka kwenda Maore, kwenye kona iliyo kando ya msitu wa ukoo, ikawaka. Ule ni msitu mdogo, wa miti mikubwa, ambao hakuna mtu anayekata humo hata fimbo ya ng'ombe, na wazee wakipita wanapunguza sauti. Taa ikawaka pale, tukapita, barabara ikalala kidogo, ikazima. Nikasema bahati mbaya. Safari iliyofuata, tunateremka kurudi mjini na mchele wa Ndungu baada ya kupitia kwa mama mkwe, ikawaka tena: kona ile ile, mti ule ule. Watoto wetu nyuma wakashusha sauti bila kuambiwa. Na nilipotazama kioo cha pembeni nikaona moshi mweupe unatufuata, mwembamba, hautoi mlio wala harufu ya kuungua, umekaa juu ya barabara kama mtu anayesubiri tupotee ndipo aondoke.

"Linakunywa," mume wangu alisema jioni hiyo mbele ya baba yake mdogo, aliyekuja mjini kwa shughuli zake. "Sijui linapeleka wapi, baba mdogo. Unalipa, linakunywa, asubuhi linataka tena."

Baba mdogo ni mdogo wake marehemu, mzee wa taratibu, ndiye aliyebaki anayejua mambo ya ukoo. Alitikisa kichwa kwa namna ya mtu aliyeelewa vizuri sana. Nilipaswa kumuuliza ameelewa nini.

Halafu ikaja arusi ya wifi yangu, mtoto wa mwisho wa nyumba ile. Kanisa ni la Maore, chini. Bibi arusi alale kwa mama yake mlimani, asubuhi ateremke na gari letu. Baba yao hayupo, kwa hiyo wa kumshika mkono na kumpeleka mbele ni mume wangu. Gari moja, njia moja, na ndani yake bibi arusi, mama yake, mume wangu, baba mdogo, watoto wangu wawili na mimi. Watu saba kwa viti saba. Nilihesabu usiku mzima bila kukusudia.

Ijumaa tulipopanda nilikuwa na chupa moja mpya ya mafuta ya breki. Tulipofika, jua bado lipo, nikachovya kijiti kikoponi: vidole viwili chini ya ukingo. Nikapima tena. Viwili. Sikuongeza, kwa sababu nilitaka kujua usiku huo litakunywa kiasi gani, nitajaza asubuhi. Nikafunga boneti. Gari lilikuwa limekaa kando ya migomba, pua yake imeelekea kaburini.

Asubuhi nilitoka na chupa yangu mkononi, ukungu umeshuka hadi kwenye paa. Nikafungua kifuniko. Sikuhitaji kijiti. Kikopo kilikuwa kimejaa mpaka mdomoni.

Nilisimama pale. Nimeishi na vitu vinavyopungua maisha yangu yote: mgao, mshahara wa mwalimu, sukari kwenye kopo. Kupungua nakujua, nina namna ya kukaa nako. Sikuwa najua la kufanya na kitu kilichoongezeka chenyewe. Niliitazama chupa yangu: lakiri haijavunjwa. Nikaitazama tena. Nikachovya kijiti, kikatoka kimelowa mpaka kwenye vidole vyangu, na nilipokinusa, nikapata harufu tamu yenye uchachu. Dengelua. Pombe ya miwa, ile inayopikwa kila nyumba yenye miwa kule juu.

"Mwalimu! Njoo hapa."

Alikuja anafunga tai. "Saa zimekwenda, mama watoto."

"Nusa."

Akanusa. Amekulia ndani ya harufu ile; akageuka kutazama barazani.

Baba mdogo alikuwa barazani na koti lake la arusi. Nikaenda kwake. "Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, mkwe. Tunaondoka?"

"Nani amelinywesha gari pombe?"

Hakushtuka hata kidogo. "Mimi. Limesafiri kutoka mbali, lina pepo mwenye kiu, na leo linambeba binti yetu. Mgeni anayekunywa hapewi mgongo. Nimelimiminia, nimewaambia wazee waliolala hapa, nimewaomba watupishe pale msituni."

"Pepo gani?"

"Pepo! Si fundi alimtoa, akarudi? Mama mkwe wako alikuwepo, aliona kwa macho yake."

Nikageuka. Mama mkwe alikuwa mlangoni na kitenge kipya, na uso wake ukanithibitishia. Alisikia upepo, akabeba pepo, akampandisha mlimani akamgawa nyumba kwa nyumba. Siku nyingine ningecheka mpaka nikae chini.

"Tuifyonze kwa kitambaa, tujaze mafuta mapya, twende," alisema mume wangu. "Dakika kumi."

"Kikopo utakifyonza. Mabomba je? Spana ya kutolea upepo unayo?"

"Sina."

"Pombe ni maji. Breki zikipata moto kwenye kona ya tatu, maji yanachemka, mguu unazama. Hilo si langu, ni la baba yako. Alinieleza nikiwa jikoni kwake hapa hapa."

"Baba yangu alitia maji ya sabuni miaka yote!"

"Kwenye lori, gia ya kwanza, tambarare, na kila usiku analala chini yake kulirekebisha. Na alikuwa hana kingine."

"Nitateremka peke yangu basi. Gia ya kwanza, polepole. Nyinyi tembeeni."

Hapo ndipo nilipoona kwamba nimeshinda nusu, na nusu iliyobaki ndiyo ghali. Sijawahi kumpandishia mteja sauti. Nikaishusha na kwake. "Sawa. Nenda. Ila mwambie dada yako sasa hivi nani atamshika mkono, ili asije akamtafuta mlangoni mwa kanisa."

Wifi yangu alikuwa ametoka na gauni lake, jeupe, pana, lililotoka kwenye mabelo yangu ya mitumba na ambalo nililiita nguo mpya. Alitutazama sote. Kisha akavua viatu vya kisigino, akanikabidhi, akamwambia mpwa wake amletee malapa ya bibi.

"Kaka," alisema, "funguo mpe mama."

Alimpa.

Tuliteremka kwa miguu, njia ya mkato, bibi arusi amekusanya gauni kiunoni kama mtu anayevuka mto, mama mkwe nyuma yake amebeba shela kwenye sahani kubwa iliyofunikwa. Wenyeji walitoka majumbani kututazama; mmoja akauliza kama gari limekataa, baba mdogo akajibu kwa heshima kwamba limelewa. Mkato ule unakata barabara kwenye kona ya msitu. Tulipofika hapo nikahesabu watu: saba. Nikahesabu tena: saba. Ilikuwa mara ya kwanza tangu tulinunue gari lile hesabu yangu kutulia. Mume wangu alisimama ukingoni akatazama korongo lililo chini ya kona, akanishika bega. Maore tulichelewa. Mchungaji alikuwa ameanza kuimbisha wimbo wa nne. Mume wangu alimshika dada yake mkono, mavumbi hadi magotini wote wawili, wakaenda mbele.

Jioni, soda zikiwa zinagawiwa, nikaenda kukaa karibu na baba mdogo.

"Ulimimina kiasi gani?"

"Kijiko kimoja, mkwe. Cha chai. Si kulewesha, ni heshima tu."

"Kimoja?"

"Mimi nawe nani anayependa kuhesabu?"

Nikamgeukia mama mkwe. Alijifanya hasikii, halafu akainama sikioni mwangu. Yeye naye, kabla ya kulala, alikuwa ametia maji aliyoyaombea, kwa sababu hakuamini kwamba pombe itamtoa pepo yeyote. Kiasi gani? Kifuniko kimoja cha chupa ya soda. Hakutaka baba mdogo ajue.

Kijiko cha chai na kifuniko cha soda. Nilipiga hesabu hapo mezani kwa kutumia soda yangu na glasi, mara mbili, watu wakidhani nimechanganyikiwa. Haikufika hata unene wa kucha. Na mimi niliacha vidole viwili.

Fundi alipanda mlimani Alhamisi iliyofuata kwa lori la ndizi, nasi tukapanda naye. Kwanza alifungua masta, kisha lile pipa la bati lililo nyuma yake, linalosaidia mguu kusukuma breki. Yeye huliita busta. Akaliinamisha, yakamwagika mafuta yetu ya mwezi mzima, vikombe na vikombe.

"Mpira wa nyuma wa masta umeachia," alisema. "Mafuta yanaingia humu ndani, na bomba hili la injini linayavuta na kuyachoma. Ndiyo maana chini hakuna tone. Ule moshi mweupe ndio huo. Na taa inawaka pale mnapoteremka kwa ukali zaidi, mafuta machache yanakimbilia mbele. Mlikuwa hamna pepo, mama. Mlikuwa na mpira feki."

"Uliouuza wewe."

"Niliouziwa na mimi."

Nilifurahi kuliko nilivyotegemea. Kila kitu kilikuwa na jina na bei. Fundi akakinga chupa, akamwaga yaliyokuwa kwenye kikopo, akaitikisa ili atuonyeshe jinsi pombe ilivyoyachafua mafuta. Akaacha kutikisa.

Chupa ilikuwa imejaa povu. Jeupe, zito, halishuki. Tulilitazama. Akafungua, akatia kidole, akasugua na gumba.

"Nani ametia sabuni?"

Baba mdogo na mama mkwe wakatikisa vichwa.

"Hii imekwanguliwa, ikachujwa," alisema, anainua chupa kwenye mwanga. "Hamna hata punje. Aliyeifanya ni fundi wa zamani sana. Siku hizi hakuna anayejua hii kazi, sababu mafuta yapo."

Baba mdogo alivua kofia. Mume wangu alisema huenda ni mtu wa jirani, huenda ni mzaha, akataja sababu tatu, na ya tatu hakuimaliza. Mimi nilikuwa nafikiria vidole vyangu viwili. Kijiko na kifuniko nisingeviona. Ningejaza juu yake kutoka chupa yangu, ningefunga boneti, ningewapakia watu saba. Kilichonisimamisha asubuhi ile ni kwamba kikopo kilikuwa kimejaa kupita kiasi, mpaka mdomoni, kama kinavyojazwa na mtu anayetaka kionekane.

Mama mkwe alikuwa ameichukua chupa ile kutoka kwa fundi. Aliinusa kwa muda. Nikamsikia anasema, si kwetu, ameelekea kaburi la migombani, bila hasira yoyote, "Watoto wanaoga majivu." Akasubiri kidogo, kama mtu anayempa mwenzake nafasi ya kujibu. Kisha akarudisha chupa, akaingia ndani, tukasikia sanduku linafunguliwa.

Alitoka na mche wake wa sabuni, mrefu, wa buluu, bado una karatasi yake ya dukani.

"Wangu mzima," alisema. "Haujakatwa."

"Na ule mwingine niliokuletea?" nikauliza.

"Nao mzima. Yote miwili."

"Umehesabu, mama?"

Mwanamke huyu amenicheka miaka yote kwa tabia yangu ya kurudia hesabu. Aliketi, akauweka mche mapajani, akaufuta vumbi kwa kitenge.

"Mara mbili," akasema.